Shuka la Mzee Semkiwa

Usisifu shuka kabla halijafuliwa. Mmeniuliza, wajukuu zangu, maneno haya yalitoka wapi. Yalianzia hapa hapa Korogwe, nyumba ya jirani yetu, na aliyeyasema kwanza nilimfahamu.

Mzee Semkiwa alianguka kutoka juu ya paa, akavunjika uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena. Akawa mtu wa kulala tu, akiuguzwa na binti yake wa pekee, Mwanaidi. Binti alimtunza kwa moyo wote. Alimtandikia mashuka mawili ya pamba aliyoachiwa na marehemu mama yake, yaliyopauka na kujaa viraka.

Viraka hivyo vilimtia aibu kila wageni walipokuja kumjulia hali mgonjwa. Siku moja akaleta kutoka dukani mashuka mapya, meupe, yenye maua ya zambarau, yanayong'aa na kuteleza mkononi. Yale ya zamani akayachana, akayafanya madekio.

Shangazi yake, Bi Hidaya, alilishika shuka moja akalisugua. Unga mweupe ukabaki vidoleni.

"Huu ni wanga, mwanangu. Lifue kwanza tulione lenyewe."

"Shangazi nawe! Wageni wako njiani."

Wageni wakaja, wakasifu. Mzee Semkiwa naye akasifu. Bi Hidaya akarudi kwake Handeni.

Lilipofuliwa mara ya kwanza, maji yalikuwa meupe kama uji mwepesi. Shuka likatoka jembamba, limejaa vinundu vinavyokwaruza. Tena halikunyonya jasho hata kidogo, na kiangazi kile kilikuwa kikali. Mwanaidi aliyaona hayo, akanyamaza. Ya pamba alikwisha kuyachana, na kuazima kwa majirani wale wale waliomsifu aliona haya. Mzee hakulalamika. Angelalamikaje, na kiunoni hakuhisi kitu?

Bi Hidaya aliporudi baada ya mwezi, harufu ilimpokea mlangoni. Wakamgeuza mgonjwa. Nyama ya kiunoni ilikuwa imeoza.

"Tangu lini, Mwanaidi?"

"Niliona wekundu, shangazi. Nikapaka mafuta ya nazi."

Bi Hidaya akachukua kikombe, akamwaga maji juu ya shuka. Yakasimama matone matone, kisha yakateremka sakafuni.

"Kaka yangu amelala juu ya jasho lake mwezi mzima! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa watu wangenicheka."

Mzee Semkiwa akafumbua macho. "Mwache, Hidaya. Hata mimi nililisifu." Akamtafuta binti yake kwa mkono. "Wala haikuniuma, mwanangu."

Walimpeleka hospitali, lakini vidonda vilikuwa vimefika mfupani. Siku ya tisa akafariki.

Mwanaidi hakulia mazikoni. Karibu mwaka mzima hakuongea na mtu zaidi ya salamu. Kisha akaalikwa kwenye harusi ya binti wa jirani. Wanawake walikuwa wanafunua vitu vya bibi harusi, wakaliinua shuka jipya linalong'aa na kulipigia vigelegele. Mwanaidi akasimama. Akalichukua, akalitia ndooni mbele ya wote, akafikicha mpaka maji yakawa meupe. Vigelegele vikakatika. Hapo ndipo aliposema, taratibu, kama anayemwambia mtu mmoja tu:

"Usisifu shuka kabla halijafuliwa."