Bwana Samaki na Kizimba cha Mbolea

Hadithi inabisha hodi!
Iingie!
Imevaa buti la serikali!
Ivue nje!

Alikuwapo Fuko, mjane mwenye macho mabovu na kucha nzuri. Alichimba bwawa peke yake, akatia vifaranga vya perege apate kulisha wanawe.

Serikali ya wanyama ikampa bwana samaki wa kumshauri. Nani? Fisi. Bwawa hakulijua hata la kuogea. Ujuzi wake wote ulikuwa tumboni.

Akaja na buti lake, pu, pu, pu.

"Shikamoo, Bwana Samaki. Samaki wangu wanahema juu ya maji kila asubuhi. Nifanyeje?"

"Lete sampuli." Akatafuna, kru, kru, kru. "Tatizo nimeliona. Nitarudi."

Akarudi, pu, pu, pu.

"Sasa wanakufa, Bwana Samaki."

"Lete sampuli." Kru, kru, kru. "Nitarudi."

Haya hana, ushauri hana, ana meno tu.

Wakabaki perege wazazi peke yao. Wakiliwa hao, hakuna vifaranga tena, na wana wa Fuko watalala njaa. Fuko alikasirika mpaka masharubu yakamtetemeka.

Fisi aliporudi, pu, pu, pu, Fuko akamwambia taratibu, "Mkubwa, wale wanono nimewaficha pale pembeni ya bwawa, ndani ya kile kizimba cha miti. Nawawekea wakubwa."

Sasa, hata bata wa kijiji kile alijua kwamba kizimba hicho ni cha mbolea: unasimika miti majini, unajaza samadi, maji yanakuwa kijani, samaki wanakula. Bwana Samaki hakujua. Na harufu je? Fisi na harufu ni ndugu.

"Mbona hukusema mapema?" Akaruka. Chubwi! Samadi mpaka shingoni, miti ikambana mbavu.

"Nitoe, Mama Fuko."

"Wanono umewapata?"

"Nitoe. Sirudi tena, naapa."

Fuko akamchomoa. Fisi akakimbia bila buti, nusu ya samadi imemganda mwilini. Tangu siku hiyo perege hawakuhema tena, wakazaa bwawa likajaa. Kumbe mbolea ilikuwa imezidi, ikiwanyima samaki hewa majini! Kuibeba ile nusu ndio msaada pekee aliowahi kuutoa Fisi.

Hadithi yangu naiacha ukingoni, mwenye ndoo na achote. Na funzo lake ni hili: tusiwabeze wataalamu. Kila mmoja ana faida yake, mradi ujue pa kumtumbukiza.