Almari ya Raihani na Jini wa Droo ya Chini

Katika zama ambazo ndege waliwaamkia watu na watu wakawaitikia, alitawala Sultani Mudhafari bin Zahrani katika mji wa Ambarani, na kuta za mji huo zilikuwa nyeupe kama maziwa ya ngamia, na masoko yake yalijaa hariri na zafarani na zari, na Sultani huyo alikuwa mwadilifu katika kila jambo isipokuwa moja. Na hilo moja ndilo nitakalolisimulia, maana nikilinyamazia nitapasuka.

Desturi ya Ambarani ilikuwa hivi: bi arusi haingii nyumba ya mume bila almari ya kuwekea nguo zake, na siku ya arusi, baada ya sala ya adhuhuri, almari huwekwa katikati ya ukumbi, na yeye huvuta droo zake zote mbele ya wageni. Zikifunguka, ngoma hulia. Ikikataa hata moja mpaka jua likazama, husemwa kwamba nyumba imemkataa, na arusi huvunjwa, na bi arusi hurudishwa kwao. Sasa ajabu ni hii: aliyeichagua almari hiyo hakuwa bi arusi. Alikuwa Waziri wa Vyombo! Mwanamume ambaye tangu azaliwe hajakunja kanga hata moja ndiye aliyemchagulia mwanamke pa kuweka kanga zake, na ikikwama, anayerudishwa kwao ni mwanamke. Uadilifu gani huo, jamani?

Basi Shakiri mwana wa Sultani alimpenda Raihani, binti wa muuza udi, tangu siku aliyomsikia akibishana na kadhi sokoni, na kadhi akashika kilemba chake akaenda zake. Na Raihani alimpenda Shakiri kwa kuwa ndiye mwanamume pekee katika Ambarani aliyekuwa akimsikiliza mtu mpaka mwisho wa maneno yake. Posa ikapokewa, na siku ya arusi ikawekwa, na Waziri wa Vyombo, Ghasani, akaleta almari barazani. Ilikuwa imepakwa dhahabu juu mpaka chini, na ina vioo na tausi wa kuchonga, na imekaa sakafuni kwa tumbo lake kama kiboko aliyeshiba.

Raihani akaomba ruhusa, akavuta droo ya kwanza. Kishikio kikabaki mkononi.

"Ewe Bwana wetu," akasema, akikipeleka kishikio kile mbele ya kiti cha enzi kwa adabu zote, "almari hii ni ya kutazamwa, na mimi nataka ya kutumia. Niruhusu nijichagulie."

"Tangu lini bi arusi akachagua?" Waziri akapaza sauti. "Kesho atataka kuchagua na mawaziri!"

"Hilo nalo si baya," Raihani akamjibu, na watu wa barazani wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka.

Sultani akashika ndevu zake. "Binti, ukijichagulia na droo ikakwama, hutakuwa na wa kumlaumu."

"Bwana wangu, hata akichagua Waziri, atakayelaumiwa ni mimi. Basi bora nilaumiwe kwa kosa langu kuliko kwa kosa lake."

Sultani akatafuta jibu kulia, na akalitafuta kushoto, na asilipate, akasema, "Nenda."

Raihani akaenda na somo yake, Bi Zawena, aliyemlea na kumfunda, mpaka uani kwa Makame, mchuuzi wa vyombo vya kale. Makame akawapokea kwa mikono miwili na kuwasimamisha mbele ya almari nyeusi.

"Hii, mwanangu, ina miaka mia mbili. Ilikuwa ya malkia."

Raihani akalowesha kidole, akaifuta, akanusa. "Malkia huyo alikuwa akioga kahawa?"

"Aa, binti, hiyo ni harufu ya umri. Tazama matundu ya wadudu!"

"Nayatazama. Na mdudu gani huyu anayetoboa kwa mstari ulionyooka kama askari wa gwaride? Baba Makame, hii umeitengeneza juzi, na kahawa yenyewe ilikuwa na tangawizi."

Makame akacheka hata machozi yakamtoka, kwa maana mwongo hodari humheshimu anayemshika. Akamwacha azunguke apendavyo. Na nyuma ya marundo ya magunia Raihani akaiona almari ya mbao za msaji, imefunikwa vumbi, ina droo tatu na miguu minne mirefu, na juu yake umepita mkwaruzo kama njia ya konokono. Akapiga magoti akaichungulia chini. Akachomoa droo ya juu akaipindua, na akaona pembe zake zimeumana mbao kwa mbao kama vidole vya mikono miwili, bila msumari. Akapapasa vishikio vya shaba, vimelika upande wa kushoto tu, akajua kwamba mwenyewe wa kwanza alitumia mkono wa shoto, na akampenda bila kumjua. Mwisho akachukua chetezo cha kufukizia udi kilichokuwa hapo uani, akakisukuma chini ya almari, kikapita na nafasi ikabaki.

"Mimi binti wa muuza udi," akasema. "Nguo zangu zitafukizwa humu humu bila kutolewa. Nimeipata, somo."

"Na mkwaruzo huo?" Bi Zawena akakunja uso.

"Huo ni umri. Hata wewe unao, na twakupenda hivyo hivyo."

"Toka hapa, mtovu wa adabu!" Bi Zawena akampiga kofi la begani, naye mwenyewe anacheka.

Raihani akaifungua droo ya chini, na mara ukatoka moshi wa buluu, na moshi ukawa jini, kichwa chake kimegusa makuti ya banda, na sauti yake kama radi iliyolala vibaya.

"Mimi ni Dankari! Nilifungwa humu na sultani wa kale kwa kuila halua ya arusi kabla ya wageni! Aifunguaye droo hii kwa mkono wake ndiye bibi yangu, na bila mkono wake sitoki. Amuru! Niigeuze dhahabu almari hii?"

"Wewe nawe umekuwa Waziri?" Raihani akamjibu. "Usiguse hata mkwaruzo. Rudi ndani, ukae kimya mpaka nikuite."

Jini akarudi amenywea, maana katika karne zake zote hakuna aliyepata kuikataa dhahabu yake.

Siku ya arusi ikafika, na almari ikawekwa ukumbini, na wageni wakajaa. Raihani akavuta droo ya kwanza, ikaja kwa shida. Ya pili, ikaja kwa kilio. Ya tatu ikagoma. Akavuta tena, ikagoma tena.

Waziri Ghasani akasimama, uso umemng'aa. "Nyumba imesema!"

Na kutoka ndani ya droo ikasikika sauti nyembamba, "Bibi, mimi niko tayari kabisa kutumika, ila mlango haufunguki!"

Raihani akamtazama Shakiri, aliyekuwa amesimama pale na joho lake la dhahabu, na jua lilikuwa linatembea. Kisha akainama, akainusa mbao, ikanukia marashi.

"Nani ameiosha almari hii?"

Bi Zawena akaanza kulia. "Mimi na wenzangu, mwanangu. Tumeiosha kwa ndoo za marashi tangu alfajiri. Bi arusi anaogeshwa, almari yake isiogeshwe?"

Raihani akamkumbatia. "Haijanikataa, somo. Imekunywa ikavimba, kama mgeni wa arusini. Leteni chetezo!"

Baba yake akaleta udi bora wa dukani kwake, na chetezo kikasukumwa chini ya miguu ile mirefu, na Shakiri mwana wa Sultani akapiga magoti, akapuliza makaa kwa kinywa chake hata joho likawa la majivu. Mawaziri wakamwambia, "Ewe Maulana, inuka!" naye akasema, "Sijasikia bado neno la kuniinua," akaendelea kupuliza. Vuguvugu likapanda, na moshi wa udi ukaijaza almari, na jini akakohoa, kisha akanusa, kisha akaanza kuimba nyimbo za arusi zilizosahauliwa, na wanawake wakazidaka wakaitikia. Jua likafika ukingoni mwa ukuta. Raihani akaweka mkono wake kwenye kishikio kilicholika, akavuta polepole.

Kwiii. Ikafunguka.

Vigelegele vikapanda hata njiwa wa jumba wakahama kwa saa nzima. Dankari akatoka ananukia kama arusi saba, akazijaza droo mbili lulu na yakuti, na ya tatu akaiacha tupu, maana Raihani alimwambia ana kanga za kuweka. Kisha Raihani akamwacha huru, na jini akaenda zake na sinia nzima ya halua, safari hii kwa ruhusa.

Sultani akasimama mbele ya watu wote. "Droo hii imenipa jibu nililolikosa barazani. Kuanzia leo kila bi arusi wa Ambarani atajichagulia almari yake, na hakuna droo itakayovunja arusi ya mtu. Na wewe, Ghasani, utakunja kanga za jumba hili mpaka uijue droo ni kitu gani."

Naye akakunja, na yasemekana alikuja kuwa mkunjaji hodari, akakiri kwamba vishikio vya dhahabu ni upuuzi.

Raihani na Shakiri wakaishi kwa raha na ubishi, na almari ile ikazeeka nao, na mkwaruzo wake hakuna aliyethubutu kuufuta. Basi enyi mlionisikiliza, anayeishi na chombo ndiye akichague, na kabla ya kusifu dhahabu ya juu, piga magoti uchungulie chini. Na anayepinga, na ainuke sasa, nimsikie.