Miwani ya Mtani

Kitanda kikitandikwa shuka jeupe na mto ukanyooshwa, anayechungulia mlangoni husema hapa pana usingizi mnono. Hasemi uongo, anasema alichokiona. Lakini kunguni hawaonekani mlangoni. Kunguni humjua anayelala, taa ikizimwa na ubavu ukianza kuwasha, na yeye ndiye anayewajua. Ndivyo ilivyo kwa kila kazi na kila kiti: anayekikalia ndiye ajuaye mwiba ulipo. Hayo yalimfika fundi Polikarp pale Msamala, mjini Songea, na aliyemfundisha hakuwa mwalimu wala mkubwa wa ukoo. Alikuwa mtani wake.

Steshenari ya Osmund ilitazamana na kijiwe cha bodaboda. Ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta tatu kuukuu, printa yenye kikohozi, na benchi la wateja. Hapo watu walichapisha barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule, lakini zaidi ya yote wasifu wa marehemu. Mtu hazikwi kimyakimya. Husomewa maisha yake mbele ya kaburi: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto gani na wajukuu gani. Aliyechapa hayo yote alikuwa mama Lidwina, mjane aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za mashine za taipu zilizolia kama mchi kinuni.

Vidole vyake vilikuwa vyepesi bado, kama vya mwanamke anayechambua mchele. Kilichomwangusha kilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyatanda kama ukungu wa mwezi wa sita juu ya milima ya Matogoro, na daktari alimwambia miwani haitamfaa kitu, asubiri zamu yake ya kupasuliwa. Herufi ndogo zilimkimbia. Weupe wa kioo cha kompyuta ulimchoma kama moshi wa kuni mbichi, na vile vitufe vya pembeni vya kupunguza mwanga vilishakufa siku nyingi. Akakifunika kioo kwa kipande cha chandarua, wateja wakamtania kwamba kompyuta yake inaogopa malaria.

Dawa ilikuwamo ndani ya mashine yenyewe. Kompyuta zile ziliendeshwa na Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kwenye mipangilio ya kioo palikuwa na mahali pa kukuza kila kitu na mahali pa kufifisha mwanga. Lidwina alipajua. Lakini kila alipopagusa, kiliruka kidirisha kidogo kikidai paswedi ya msimamizi, na paswedi hiyo ilikaa kichwani mwa mtu mmoja tu: Polikarp, Mhehe aliyehamia Songea kutoka Iringa, fundi wa kompyuta za maduka mengi ya mjini.

Tusimlaumu kabla hatujasikia yake. Zamani kioo kiliguswa na yeyote. Siku moja mteja alibonyeza asivyovijua, maandishi yote yakasimama kichwa chini miguu juu. Osmund, mtu asiyekubali kushindwa, alikipindua kioo chenyewe, akakiegemeza kwa matofali, na kazi ikaendelea. Polikarp aliitwa kutoka Mbinga. Akaja kwa bodaboda kwenye mvua, akafika amelowa chapachapa, akakuta jambo la kubonyeza mara mbili. Benchi lilicheka mpaka likashika mbavu. Yeye hakucheka. Alivifunga vyote siku ile ile, akaapa kwamba mtumiaji wa kawaida hatagusa tena mipangilio ya kioo.

Lidwina akavumilia. Ukurasa wa kuchapia peke yake aliweza kuukuza, lakini ulipokua mistari ilikimbilia nje ya kioo, naye akawa anaifukuza huku na huko kama mtu anayeswaga mbuzi sokoni. Ndivyo alivyouruka mstari mmoja kwenye wasifu wa marehemu bibi Apolonia. Ni mstari mmoja tu, lakini ndani yake mlikuwa na mtu: Careen, mtoto wa tatu. Pale makaburini msomaji aliwataja watoto, akampita Careen, akaingia kwa wajukuu. Watu wakageuka kumtazama. Mtoto asiyetajwa kwenye kaburi la mama yake ni kama amekanwa, na vinywa vya watu havina mfuniko. Hata jioni haijaingia, wengine walishaanza kuulizana chinichini kama binti yule alikuwa wa damu kweli.

Osmund hakugomba. Alimwita Lidwina shangazi, kama alivyozoea ingawa hawakuwa ndugu, akamwambia taratibu kwamba kosa jingine kama lile litamtoa kwenye mashine. Atamweka kwenye kutoa fotokopi na kubana karatasi. Lidwina alimwelewa. Ni kama mpishi kuambiwa aache jiko akasugue masufuria.

Arobaini ilipokaribia, Careen mwenyewe alifika. Lidwina alipomwona mlangoni alianza kuomba radhi hata salamu haijaisha. Careen alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka karatasi mezani. Familia ilitaka wasifu uchapwe upya, usomwe baada ya misa ya arobaini, mbele ya watu wale wale.

"Osmund ameniambia nimpe mwingine achape, nimekataa," alisema. "Mkono ulionitoa ndio utakaonirudisha, mama. Ila ukinitoa mara ya pili, hakuna atakayeamini kwamba ni bahati mbaya."

Alipoondoka, Lidwina alimpigia simu Polikarp. Akamweleza habari ya macho yake, akamweleza na habari ya Careen. Fundi alimsikiliza kwa adabu, lakini jibu likawa lile la siku zote: akimfungulia mmoja amewafungulia wote, na kesho ataitwa tena aje aone kompyuta imesimama kwa kichwa. Tena, akaongeza, mashine ile yeye ameijaribu mara nyingi na haina tatizo lolote.

Lidwina alikata simu, akabaki akilitafuna neno hilo. Mara nyingi. Akamkumbuka Polikarp anavyokuja: husimama, huinama, hubonyeza, huaga. Kile kiti hajawahi kukikalia hata muda wa kuchapa barua moja. Mama yule akafunga khanga yake vizuri, na nia akaifunga pamoja nayo. Fundi atakaa.

Ikumbukwe kwamba Lidwina alikuwa Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani, tangu mababu walipopigana vita wakachoka. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukuvua kofia msibani na kukuita mateka wake, na ukikasirika aibu ni yako. Alichokuchukulia hukikomboi kwa mabavu. Unakikomboa kwa masharti yake.

Siku mbili tatu baadaye printa ilikohoa ikanyamaza, Polikarp akaja kuitibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mateka wangu. Nani amekufungua kamba?"

"Nilizifungua mwenyewe. Babu zenu hawakujua kufunga, walijua kukimbia."

Benchi likacheka. Polikarp naye alicheka, akaivua miwani yake ya kusomea aifute unga wa wino. Hakupata nafasi ya kuirudisha usoni. Lidwina alikuwa ameshaidaka na kuisokomeza kwenye fundo la khanga kiunoni.

Fundi akauliza bei ya kuikomboa, akidhani ni soda. Lidwina akamwambia si soda. Akae kwenye kiti kile, yeye atamsomea, naye achape wasifu wa bibi Apolonia mpaka mwisho wa majina ya watoto. Asimruke mtu. Polikarp akatazama benchi, na benchi likamtazama. Akavuta kiti, akakaa.

Lidwina akaondoa chandarua. Weupe wa kioo ulimpiga fundi usoni, akarudisha kichwa nyuma. Bila miwani, herufi zilikuwa siafu waliomwagwa kwenye unga. Akasogea, akajivuta nyuma, akafinya jicho moja, akafinya la pili. Alichapa jina la kwanza asijue kama limetoka jina au limetoka tope. Machozi yakaanza kumlengalenga. Mkono wake, kwa mazoea ya ufundi, ukaenda wenyewe kwenye mipangilio ya kioo ili akuze maandishi.

Kidirisha kikaruka. Kinataka paswedi.

Sasa paswedi ile aliitunga mwenyewe, ndefu kama mkia wa ng'ombe, imechanganywa herufi kubwa na ndogo, namba na alama, ili mtu asiibahatishe. Naye alikuwa mchapaji wa vidole viwili, anayetafuta kila kitufe kwa macho. Kidirisha kilimwonyesha nukta tupu. Akaandika, kikakataa. Akaandika tena, kikakataa. Mtu mmoja kwenye benchi akauliza kama fundi amesahau jina la mkewe. Polikarp akajaribu mara ya mwisho, na mashine ikafunga kabisa, ikamwambia asubiri.

"Imenifungia," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani aliyeifunga?" Lidwina akamuuliza.

Polikarp alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea kukaa pale.

"Mama, mwanga huu unakaa nao kutwa nzima?"

"Tangu siku ile uliyolowa na mvua."

Lidwina akalifungua fundo, akamrudishia miwani. Polikarp alisema bado hajamaliza kukomboa. Lidwina akamwambia amekwisha kukomboa, anyanyuke kama anataka. Hakunyanyuka. Alingoja mashine imsamehe, akaingia humo ndani kwa paswedi yake, akaandika kanuni fupi ya mistari michache. Huku akiandika alimweleza Osmund kwamba siku zote alidhani nyumba ina kufuli moja tu, afunge yote au aache yote wazi. Kumbe mlango hubaki umefungwa na dirisha likafunguliwa. Kuanzia sasa yeyote atakayekaa hapo ataweza kukuza, kufifisha na kugeuza kioo bila kumwomba mtu. Kuweka programu na kufuta mambo ya watu, hayo yatabaki kwake.

Osmund akauliza habari ya matofali. Polikarp akakipindua kioo makusudi, akainua mikono juu. Mashine ikauliza kama mtu anataka ibaki vile. Hakuna aliyeijibu, na punde ikajirudisha yenyewe. Mteja yule wa zamani, fundi akasema, alikubali bila kusoma alichoulizwa, na yeye kwa hasira za mvua hakukaa hata kidogo kufikiri. Osmund alitazama matofali yake pembeni, akaona bora ayatoe nje.

Kisha Lidwina akakaa kitini pake. Akakifanya kioo kuwa hafifu kama mwanga wa alasiri, akazikuza herufi mpaka zikawa nono kama punje za mahindi, na kila kitu kikabaki ndani ya mipaka yake. Akachapa bila pupa. Alipofika kwa watoto alimgusa kila mmoja kwa kidole kwenye kioo, kwenye karatasi, na tena kwenye kioo. Kisha akampa Osmund asome. Osmund akasoma mara ya kwanza kama mwenye duka, mara ya pili kama mwenye wasiwasi, akaupeleka kwenye printa.

Siku ya arobaini ua ulijaa. Lidwina alisimama nyuma, amebana pumzi, Polikarp akiwa jirani yake kwa kuwa watani hawakosi penye matanga. Msomaji akataja mtoto wa kwanza. Akataja wa pili. Akameza mate, akataja wa tatu, "Careen," kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Careen hakulia. Aliweka sawa khanga yake mabegani, akageuka, akawatazama mmoja mmoja wale waliogeuka kumtazama siku ile makaburini, nao wakaangalia chini. Kisha akamtafuta Lidwina kwa macho, akamwinamia kichwa.

Lidwina akavuta pumzi, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama. Polikarp akaishika miwani yake kwa mikono yote miwili.

Tangu hapo fundi yule hafungi kitu dukani kwa mtu kabla hajavuta kiti cha mchapaji akachapa barua nzima, mwanzo hadi sahihi. Wenye maduka humuuliza anapoteza muda kwa nini, na yeye huwajibu kwa neno alilolipata Msamala: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.