Mgomba Uliozikwa Badala ya Mzee Dihenga

Wajukuu, mpo?

— Tupo!

Basi na wao walikuwapo, zamani hizo jua lilipokuwa bado linauliza njia ya magharibi, katika Kingugi, mji wenye sheria nyingi kuliko watu.

Hapo aliishi Mwajabu binti Dihenga, mwanamke wa kujiandaa. Asubuhi alipika cha mchana, mchana akapika cha usiku, na usiku halali, anawaza kesho atapika nini. Baba yake, Mzee Dihenga, akaugua kifua. Akakohoa, akakonda. Kila Mwajabu akipita, mzee humwita: "Mwanangu, hebu kaa hapa kidogo tuzungumze."

"Nakuja, baba. Namaliza hili tu."

Hili likiisha, lipo lile. Akatafuta sanda. Nakuja, baba. Akatwanga mchele wa matanga. Nakuja, baba. Akawaweka tayari wanawake wa kulia, nao wakaanza kujaribu sauti nyuma ya nyumba, mgonjwa anawasikia. Msicheke nyie.

Mwisho akaenda kwa mnyapara wa makaburi, maana Kingugi hata kufa kulikuwa na mkubwa wake.

"Marehemu nani?"

"Baba yangu, Dihenga."

"Pole sana, binti. Amefariki lini?"

"Hajafariki."

Mnyapara akaacha kutafuna tambuu. "Hapo umeniweka pabaya. Wafu wana utaratibu wao. Wazima hatuna pa kuwaweka."

"Lakini atakufa tu."

"Sote tutakufa tu, mama. Ndiyo maana tunakwenda kwa zamu."

Mwajabu hakuondoka. Alilia pale mlangoni hata chakula cha mnyapara kikapoa, na mnyapara, mtu wa kanuni lakini pia mtu wa tumbo, akatoa idhini. Kaburi likachimbwa.

Sasa sikilizeni. Kaburi likishafunguliwa halilali wazi. Lisipopewa mtu, hujitafutia. Wachimbaji walilijua hilo, wakaja mbio, majembe mabegani.

"Yuko wapi?"

"Nipo," akasema Mzee Dihenga kutoka kitandani. "Nitembee, au mtanibeba?"

Mnyapara akaitwa. Akakuna kidevu, akatoa hukumu: kabla jua halijachwa uzikwe mgomba badala yake, kama wazee walivyofanya tangu na tangu. Mgomba ukakatwa, ukaviringishiwa ile sanda, ukabebwa. Wanawake wakalia vizuri; mazoezi walishafanya. Mzee Dihenga akafuata nyuma na mkongojo wake. "Polepole, jamani, mtaniangusha!"

Waliporudi, Mwajabu akashika ufagio. Mnyapara akampokonya.

"Unafanya nini? Palipozikwa pana matanga. Mfiwa hafagii, haendi jikoni, hatoki. Mfiwa anakaa mkekani."

"Lakini baba yangu si yule pale!"

"Hayo ni ya baba yako. Kanuni ni kanuni."

Mwajabu akakaa. Baba yake akajikongoja, akakaa kando yake. Majirani wakaupika ule mchele, wakaingia mmoja mmoja: "Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa," akajibu mzee, mdomo umejaa ubwabwa.

Mwanzoni vidole vilimwasha Mwajabu kwa kukosa kazi. Kisha, kwa kuwa hapakuwa tena na sanda ya kutafuta wala mchele wa kutwanga, akamsikia baba yake. Mzee akamsimulia alivyokwenda kumposa mama yake akakataliwa, eti masikio yake makubwa yatarithiwa na watoto. Mwajabu akajishika masikio. Akacheka hadi kaniki ikamfunguka. Mzee naye akacheka, akakohoa, akaegemea bega la mwanawe. Wakawa hivyo hadi matanga yakaanuliwa.

Masika yalipoingia, Mzee Dihenga akafa kweli. Nyumbani hapakuwa na kitu kilichoandaliwa. Sanda ikaja na jirani, mchele ukaja na jirani, kama unavyokuja kwa kila mtu. Mwajabu akaenda kwa mnyapara.

"Dihenga? Dihenga tulishamzika."

"Mlizika mgomba."

Mnyapara akawaza sana. "Haya, kaburi nitatoa. Lakini matanga hakuna. Huyu mmeshamkalia."

"Ndiyo," akasema Mwajabu, machozi yakimtoka. "Tulikaa naye."

Wajukuu, kesho haihitaji kupokewa njiani. Nyumba yenu inaijua. Aliye mbele yako leo, kaa naye leo.

Kisa nimekitua hapa chini. Anayekitaka akiokote, asiyekitaka akiruke, asikikanyage.