Asubuhi Karani Alipogoma

"Bibi, nimesema fimbo naenda nayo." Kaka Yoramu alikuwa amepaza sauti mpaka kuku wa jikoni wakaamka. "Nikiiacha, halafu yule maksai Diwani akasimama katikati ya bonde, shangazi wa mchumba wangu Edina atasema nini? Kwamba mkwe kashindwa na ng'ombe?"

"Na mimi nimesema iache. Jana umemchapa yule maksai mpaka mgongo umevimba kama andazi."

"Aligoma."

"Aligomea wapi?"

"Si pale chini, kwenye majani mafupi. Kiburi tu. Diwani jina, diwani tabia."

Nikacheka. Wote wawili wakaniangalia vibaya, nikarudisha macho kwenye moto.

Kwetu Lihanga, huku juu milimani, posa haikamiliki mpaka shangazi wa binti apelekwe bondeni kuona pundamilia. Anapelekwa kipupwe, asubuhi, kwa sababu majani yakishashika sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, yanateleza, na panda linakwenda vizuri. Panda ni lile gogo lenye matawi mawili, unapigilia mbao juu, halina magurudumu, maksai wawili wanalikokota. Shangazi anakaa juu na blanketi lake, anatazama wanyama, na anamtazama anayemwendesha. Akirudi ndipo anatoa jibu. Sasa shangazi yake Edina alikuwa kwa jirani, tayari kaamka, tunamsikia anakohoa. Na Yoramu usiku kucha alikuwa anageuka kitandani kama chapati.

"Mume wangu," Bibi akamwambia, maana hivyo ndivyo anavyotutania wajukuu zake, "fimbo haioni njia."

"Maneno yenu ya zamani hayo."

"Unajua yalipotoka?"

Yoramu hakujua. Mimi pia sikujua, nikauliza. Bibi akasogeza sufuria ya chai pembeni ya moto, akasema maneno hayo yalizaliwa bondeni hapohapo, na yeye akiwepo.

Alikuwa binti bado, anaposwa na kijana anaitwa Kastori Luvanda. Kijana mzuri tu, mrefu, mchapakazi, na Bibi anakiri alikuwa anampenda. Kilichobaki ni jibu la shangazi yake, mama mmoja mgumu aliyeitwa Tabita. Basi asubuhi moja ya sakitu kali wakakaa wawili juu ya panda, Bibi na shangazi Tabita, Kastori akitembea ubavuni mwa maksai. Yule wa kulia aliitwa Karani.

Bondeni hakuna kupiga kelele, pundamilia watakimbia. Kwa hiyo huwezi kumwita ng'ombe wala kumbembeleza. Unamwambia kwa fimbo tu. Bibi alisema hapo ndipo palipokuwa na shida, maana fimbo inasema neno moja, nenda, na haina sikio.

Wakateremka. Ukungu ulikuwa umelala chini, ng'ambo kukawa na vivuli vinatembea.

"Ndio hao?" shangazi Tabita akanong'ona. "Mimi naona ukungu una miguu."

"Tusogee, mama," Kastori akasema. "Utaona mpaka mistari."

Wakasogea kidogo, Karani akasimama. Akainamisha kichwa, akanusa sakitu, akarudisha mguu nyuma. Mbele palikuwa tambarare, peupe, pazuri kama kitanda kilichotandikwa. Kastori akampiga, Karani asisogee.

"Amechoka?" shangazi akauliza.

"Hajachoka, mama. Ana kiburi."

Bibi anasema alimwona Kastori anamtupia shangazi jicho. Alitaka kumwambia asubiri, lakini binti anayeposwa haongei mbele ya shangazi yake. Akakaza blanketi. Fimbo ikapanda, ikashuka, ikapanda. Mwisho Karani akaenda.

Kikasikika kitu kama ukoko wa ugali unavyobanduka kwenye sufuria. Ile tambarare ilikuwa tope, sakitu imelifunika juu tu. Karani akaingia mpaka kifuani, mwenzake akavutwa magoti, panda likainama, na shangazi Tabita akateleza ndani mpaka kiunoni. Bibi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akavuta, haendi wala harudi, na tope linamvuta upande wake.

Na Kastori bado anampiga Karani. Sasa anampiga ili atoke.

"Luvanda," shangazi akasema, taratibu kabisa, huku midomo imekuwa ya majivu. "Nipe hiyo fimbo."

Akampa. Shangazi akaichomeka kwenye tope mbele yake, fimbo ikaingia, ikaingia, ikaishia kwenye vidole. Haikugusa chini.

"Fimbo haioni njia," akasema. "Aliyekuwa anaiona ulikuwa unampiga."

Kastori akazinduka, akafungua kamba za nira, akamfunga nazo shangazi, na yule maksai wa kushoto akamtoa. Karani hakutoka. Walikaa ukingoni wakimsikia anapumua, mpaka wakawa hawamsikii. Ukungu ulikuwa umeondoka. Pundamilia walisimama ng'ambo wakiwatazama, mistari yote inaonekana, na hakuna aliyesema ni wazuri.

Nyumbani shangazi alinawa, akatoa jibu. "Anayekuvuta amekwambia kwa miguu, hukumsikia. Mwanangu atakwambia kwa mdomo. Utamsikia?"

Posa ikaishia hapo. Bibi alilia kipupwe chote.

Bibi akarudisha sufuria ya chai motoni. Yoramu alikuwa ameishika fimbo, anaizungusha tu.

"Bibi," akasema, sauti imeshuka, "pale majani mafupi aliposimama Diwani jana."

"Eeh."

"Sikutazama mbele."

"Najua."

Nje shangazi yake Edina akaita: "Mkwe, jua halitungoji, na mimi miguu imeganda."

"Nakuja, mama."

Yoramu akavaa kofia yake ya sufu. Kitufe cha koti kikamshinda, akakiacha. Akachukua kamba ndefu, ile ya kumwongozea ng'ombe ukiwa mbele yake, mguu wako ukitangulia wa kwake. Fimbo akaiegemeza ukutani, karibu na magoti ya Bibi.

"Fimbo haioni njia," akasema, kama anayejisomea mwenyewe.

Akatoka, akafunga mlango.