Ndama wa Lugano

Hapo zamani, huko milimani ambako maharage hulimwa mpaka ukingoni mwa njia, aliishi Ambakisye, mtu mwepesi wa hasira. Mama yake, Gwantwa, alimlea kwa Neno na uji. Kila asubuhi aliinua bakuli juu, akamwuliza: "Kisasi ni cha nani?" Mtoto asipojibu "Cha Bwana," uji hapati. Naye alijibu. Nani ataacha uji?

Akakua, akaoa, akajenga kwake. Siku moja ng'ombe wa jirani yake, Lugano, akaingia shambani akafyeka maharage yote. Haikuwa mara ya kwanza, na tusimpake Lugano mafuta: alimwachia ng'ombe huyo kwa uvivu. Ambakisye akashika panga. Lugano, aliyekuja kumfuata ng'ombe wake, akakimbia, akajikwaa, akaanguka chali. Panga likainuka.

Nani alipiga kelele "Mkate!"? Gwantwa. Mama yule yule wa uji, kasimama kando ya shamba. "Mkate, mwanangu! Ukoo huo umetuchezea mno!"

Ng'ambo ya njia alikuwapo Subilaga, mpika pombe, ambaye kanisani alionekana kwenye misiba tu. Tangu Ambakisye akiwa mtoto alikuwa akilisikia swali la uji kupitia ua wa mianzi wa Gwantwa. Akapaza sauti: "Wee Ambakisye! Kisasi ni cha nani?"

"Cha Bwana!"

Mdomo ulijibu kabla mwenyewe hajajua. Lakini mkono ulibaki juu. Aliiona shingo ya Lugano, mshipa ukidunda. Alitamani. Kisha akalitupa panga kwenye mabaki ya maharage, akaketi chini.

Kesho yake Lugano akaja na ndama jike. "Huyu ni wa aliyeniokoa," akasema.

"Basi mfunge kwangu," akasema Gwantwa. "Bila mimi kulipanda neno lile, huyu mpika pombe angekumbusha nini?"

Subilaga akacheka. "Shikamoo, Mama Mkate-mkate! Ulilipanda, likakutoka siku ya kulihitaji. Nililikumbuka mimi, nisiye na hata kiti kanisani."

"Ninyi nyote mlikuwa mnapiga kelele tu," akasema Ambakisye. "Mdomo ulijibu wenyewe, hilo nakubali. Mkono niliushusha mimi."

"Na aliyeupandisha ni nani?" akauliza Subilaga.

Lugano kasimama, kamba mkononi, ndama anamramba kiwiko.

Msiniambie wagawane, ndama ni mmoja, tena hachinjwi. Haya, ninyi mliosikiliza, msitafune maneno: kamba hii ifungwe uani kwa nani?