Vikapu Viwili vya Mama Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nani huyo anaitikia huku anatafuna? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivuna na kulipa kodi, paliishi Mama Kindi, mjane mwenye watoto wadogo. Mchapakazi huyo! Asubuhi yuko mkoroshoni, jioni yuko mkoroshoni. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka kucha zikamwisha.

Mwaka huo akajaza vikapu kumi na viwili vya korosho. Alihitaji kumi na kimoja: kumi vya kula kiangazi kizima, kimoja cha mbegu.

"Mwaka huu tumepona, wanangu!" akasema.

Siku ya kodi ikakaribia. Kodi ile ilikwenda ghalani, ikamlisha Mhanga aliyefukua kisima wakati wa ukame. Hakuna aliyeichukia. Lakini wanyama wale walikuwa na desturi mbaya: kumwuliza karani unadaiwa ngapi ilikuwa aibu. Ukiuliza tu, wenzako wanaguna, "Mm! Anajitangaza tajiri." Basi kila mmoja alipiga hesabu yake kwa minong'ono ya jirani.

Mama Kindi akamwendea jirani yake Ngiri, aliyekuwa akigaagaa matopeni.

"Jirani, eti mtu akivuna zaidi ya vikapu kumi, kodi yake inakuwaje?"

"Loo! Usithubutu!" Ngiri akaruka, matope pwaa! "Kumi haviguswi. Lakini ukivuka kumi tu, wanakukata nusu ya vyote!"

"Nusu ya vyote?"

"Vyote, jirani! Huachiwi hata ganda."

Mama Kindi akainua mikono yake. Akahesabu vidoleni. Kumi na viwili, nusu yake sita. Akahesabu tena. Sita ileile! Na mwenye kumi anabaki na kumi vyake! Watoto watakula nini?

Mnasema angevificha? Kuficha ni wizi, na Mama Kindi hakuwa mwizi. Angegawa? Wenzake wangeguna, anajitangaza tajiri. Basi mchana kweupe, huku akilia, akaburura vikapu viwili hadi mtoni. Chubwi! Cha kwanza. Chubwi! Cha pili. Maji yakavibeba.

"Mbegu nitaomba kwa watu," akajipa moyo.

Siku ya kodi ikafika. Korongo, karani wa ghala, akagonga vikapu vya Mama Kindi kwa mdomo. Ko! Ko! Ko!

"Kumi. Hudaiwi kitu, Mama Kindi."

Mama Kindi akashusha pumzi. Nyuma yake alisimama Digidigi, na vikapu kumi na viwili vya kunde. Maskini, Mama Kindi akawaza, leo huyu amekwisha. Korongo akagonga, ko, ko, ko, akachukua kikapu kimoja.

"Haya, Digidigi. Nenda salama."

"Kimoja?" Mama Kindi akapiga ukelele. "Karani, si nusu?"

"Ni nusu, mama. Nusu ya vilivyozidi. Kumi vya mwanzo ni vyake, haviguswi hata akivuna mia. Vimezidi viwili, nusu yake kimoja. Anabaki na kumi na kimoja."

Kumi na kimoja! Idadi ileile aliyoihitaji! Mama Kindi akaketi chini, pu!

"Nimevitupa," akasema. "Nimevitupa mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Mama Kindi akamgeukia jirani yake, aliyekuwa foleni pia.

"Ngiri! Wewe walikukata nusu mwaka gani?"

"Mimi?" Ngiri akashangaa. "Jirani, mimi tangu nizaliwe sijajaza hata vikapu vitatu!"

Kiangazi kikapita, korosho za kula zikaisha. Mama Kindi akaomba mbegu mlango kwa mlango, lakini kila mtu alikuwa anapanda zake. Nyumbani watoto walikuwa wamekwisha kuchimba vishimo, vizuri, kimoja kimoja.

"Mama," akauliza mdogo wao, "kikapu cha mbegu kiko wapi?"

Mvua ikanyesha. Vishimo vikajaa maji matupu.

Basi watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: deni lako muulize anayelipokea, wala usione haya. Kodi itachukua sehemu yake, lakini neno la asiyejua linaweza kuchukua mbegu.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye vishimo. Mwenye swali aniulize mimi, asimwulize Ngiri.